Seva ya nyumbani inayokula umeme kidogo: dalili, chanzo na tiba

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kuijenga seva yake na sasa inamsumbua. Seva yenyewe ni kompyuta ndogo isiyozimwa, inayotunza picha za familia, nyaraka, muziki na filamu, na kuzirusha kwenye TV na simu za waliomo nyumbani. Mifano niliyotumia ni ya mashine zinazopatikana: mini PC za mtumba kama Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini na Lenovo ThinkCentre Tiny, viboksi vyenye prosesa ya Intel N100, na Raspberry Pi 4 au 5. Mfumo ni Debian, au OpenMediaVault iliyojengwa juu yake, na programu ya video ni Jellyfin. Amri zote ziandikwe kwa ruhusa ya msimamizi, yaani `sudo`.

Shikilia jambo moja unaposoma. Matatizo mengi ya seva hizi huzaliwa kwenye umeme na nyaya, halafu yanajionyesha kwenye programu. Mtu anaona diski imepotea, anafuta mfumo mzima na kuusakinisha upya, kumbe adapta imechoka. Kwa hiyo anza kwenye soketi, panda taratibu, na programu uiache iwe ya mwisho kulaumiwa. Na kabla hujagusa chochote, hakikisha picha na nyaraka zako zina nakala nyingine nje ya seva hiyo. Diski mbili zilizounganishwa kwa RAID, yaani zinazoandika kitu kilekile kwa pamoja, hazihesabiki kuwa nakala: faili ukilifuta kwenye moja, limefutika kwenye zote mbili.

## Seva inazimika au kujiwasha upya yenyewe

Kwanza jua kama ilizimika ghafla au ilijifunga kwa utaratibu. Andika `journalctl -b -1 -e` usome mistari ya mwisho. Ikiwa kumbukumbu zinakatika katikati bila neno lolote la kufunga, kuna uwezekano mkubwa umeme ulikatika, hata kama taa ya sebuleni haikupepesa.

Chanzo cha kawaida kabisa ni adapta. Adapta ya mtumba iliyopita mikononi mwa watu wawili watatu, au ile ya bei rahisi iliyoandikwa ampea 5 huku ikishindwa kutoa hata 3, huonekana nzima mpaka mzigo uongezeke: filamu inaanza, diski inaamka, seva inakufa. Jaribu adapta nyingine yenye volti zilezile na ampea zilezile au zaidi. Volti ndizo zisizobadilishwa. Mini PC za Dell na HP hutumia volti 19.5, Lenovo volti 20, na viboksi vingi vya N100 hutumia volti 12. Tundu likiingia vizuri si ushahidi kwamba volti zinafanana.

Kwenye Raspberry Pi kipimo kimo ndani ya mashine. Andika `vcgencmd get_throttled`. Jibu likiwa `0x0`, umeme unatosha. Likiwa `0x50000`, umeme ulishapungua tangu seva iwashwe. Likiwa `0x50005`, unapungua sasa hivi. Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3. Pi 5 inataka ampea 5, na ukiipa chaja ya ampea 3 inabana yenyewe umeme wa milango ya USB mpaka miliampea 600, kiasi ambacho diski nyingi za nje haziamki nacho. Chaja ya simu haifai hapa, hata iwe ya simu ya gharama.

Chanzo cha pili ni umeme wa nyumba. Sikiliza UPS, kile kifaa chenye betri kinachoishikilia seva umeme unapokatika. Ikiwa inatoa mlio wa "tik, tik" kila dakika chache saa za jioni, umeme mdogo unaingia, nayo inahamia kwenye betri na kurudi, inahama na kurudi. Betri haijai kamwe, na siku umeme unapokatika kweli inakuacha ndani ya sekunde chache. Dawa ni stabilaiza kabla ya UPS, au kuhamisha seva kwenye soketi isiyochangia waya na friji au pampu. Betri ya UPS yenyewe ni ya kubadilishwa. Zile za risasi na asidi kwa kawaida huishi miaka mitatu hadi mitano, na joto linazipunguzia umri.

Hapa ndipo seva ya wati chache inapokulipa. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7, iliyomo kwenye UPS nyingi ndogo, ina wati-saa 84 kwenye karatasi. Hata ukipata nusu yake tu, seva ya wati 15 inaendelea kwa zaidi ya saa mbili, wakati kompyuta kubwa ya wati 80 inamaliza kiasi hicho kwa takriban nusu saa. Sakinisha programu ya NUT ili UPS iiambie seva ijifunge kabla betri haijaisha.

Simama hapa, mwite fundi umeme: ikiwa taa za baadhi ya vyumba zinang'aa kupita kiasi huku nyingine zikififia, waya wa nyutro huenda umelegea au umekatika, na volti za soketi zinaweza kupanda mpaka kuunguza kila kilichochomekwa. Zima swichi kuu mara moja, kisha piga simu kwa shirika la umeme. Simama pia ukigusa boksi la chuma likakupiga shoti. Ethi ya nyumba inahitaji kupimwa. Adapta usiifungue, kwa sababu kapasita zake hubaki na umeme hata baada ya kuichomoa.

## Umeme umerudi, seva haikuwaka

Mara nyingi hii ni mipangilio tu. Ingia BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka, tafuta kipengele kinachoitwa "After Power Loss", "AC Recovery" au jina la namna hiyo, ukiweke kwenye kuwasha. Mashine za ofisini hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa kubaki zimezimwa.

Ukiweka na baada ya siku kadhaa kimejirudisha, betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao imekwisha. Dalili nyingine ya betri hiyo ni saa kurudi nyuma miaka kadhaa, na tarehe ikiwa mbaya tovuti salama zinakataa kufunguka. Ni betri ya bei ndogo na inabadilishwa kwa mkono, mashine ikiwa imechomolewa.

Kuna na hali ya seva kuwaka ila kukwama njiani. Unganisha skrini uangalie. Ikiwa inalalamika kwamba haioni diski ya nje, fungua `/etc/fstab` na kwenye mstari wa diski hiyo ongeza neno `nofail`, ili mfumo uendelee hata diski ikikosekana. Itambulishe diski kwa UUID, yaani namba yake ya kudumu, usitumie `/dev/sdb1`, kwa sababu herufi hizo hubadilishana nafasi seva inapowaka.

Umeme wetu mara nyingi hurudi kwa kishindo, unakatika tena, unarudi. Kifaa cha kuchelewesha, kile watu wanachokiwekea friji au TV, kinasubiri umeme utulie kabla ya kuuachia. Kwa seva bila UPS, hicho ni bora kuliko kutokuwa na kitu.

## Diski inapotea, inarudi, inapotea tena

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na ndilo linalopoteza data za watu. Fungua `dmesg -w`, inayoonyesha ujumbe wa mfumo papo hapo, uiache ikikimbia huku unanakili faili kubwa. Ukiona maneno ya diski kukatika na kutambuliwa upya, fuata mpangilio huu.

Umeme wa USB ndio mshukiwa wa kwanza. Mlango wa USB 3.0 kwa kiwango chake hutoa miliampea 900, na diski ya inchi 2.5 inapoanza kuzunguka inaweza kutaka ampea nzima. Kwenye Raspberry Pi 4 milango yote minne kwa pamoja inagawana ampea 1.2, kwa hiyo diski mbili ni nyingi tayari. Tumia kigawanyi cha USB chenye adapta yake, au kasha la diski lenye umeme wake. Diski ya inchi 3.5 haiwezi kabisa kuendeshwa na USB tupu. Inataka volti 12, na inapoamka inaweza kuvuta zaidi ya wati 20 kwa sekunde chache.

Wa pili ni kebo. Badilisha kabla hujafikiri zaidi, chagua fupi. Kwa diski za SATA, yaani zilizounganishwa moja kwa moja na ubao, kuna ushahidi wa maandishi: andika `smartctl -a /dev/sda` uangalie namba 199, inayohesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na ubao. Ikiongezeka kila siku, kebo au kiunganishi kina tatizo na diski yenyewe huenda ni nzima. Wanaoishi Pwani, kuanzia Mtwara mpaka Mombasa na visiwani, wachomoe na kuchomeka viunganishi mara kwa mara, maana hewa ya chumvi hutia kutu kwenye vidole vya mguso. Ukikuta rangi ya kijani au nyeupe, safisha kwa spiriti ya asilimia ya juu, acha ikauke kabisa.

Wa tatu ni chipu ya kasha la USB. Baadhi ya makasha, hasa yenye chipu za zamani za JMicron, hayapatani na njia ya mawasiliano iitwayo UAS. Pata namba za kasha kwa `lsusb`, kisha kwenye Raspberry Pi ongeza `usb-storage.quirks=xxxx:xxxx:u` mwishoni mwa mstari uleule ulioko ndani ya `cmdline.txt`, bila kuanza mstari mpya. Kasi itashuka kidogo, lakini diski itatulia.

Mwisho ndipo diski yenyewe. Kwenye jibu lile la `smartctl` soma namba 5, 197 na 198. Sifuri zote tatu, endelea kutafuta kwingine. Namba 197 ikiwa na chochote juu ya sifuri, kuna sehemu diski inashindwa kuzisoma: nakili data leo, usingoje mwisho wa wiki.

Simama kabisa: diski ikitoa sauti ya kugonga "ta, ta, ta" au kukwaruza, izime. Usiiwashe tena "kuona kama imepona", usiiweke kwenye friji, usiifungue, usiendeshe programu za kurekebisha. Kila mzunguko unaweza kuwa unachuna uso wenye picha zako. Ikiwa data zina thamani, ipeleke kwa mtaalamu wa kuokoa data. Si fundi wa simu wa mtaani, hata kama ana mkono mzuri kwa simu.

Usitumie pia zile adapta za bei rahisi zinazogeuza plagi ya Molex kuwa ya umeme wa SATA, zilizofinyangwa kwa plastiki moja. Zimeshawaka moto kwenye kompyuta za watu wengi. Ukisikia harufu ya plastiki kuungua, chomoa ukutani kwanza, uchunguzi baadaye.

## Nafasi imejaa, wakati diski kubwa iko tupu

Andika `df -h`. Kama diski ya mfumo iko asilimia 100 na diski ya data haipo kwenye orodha, jibu umelipata: diski ya data haikuunganishwa, na programu imeendelea kuandika kwenye folda yenye jina lilelile ndani ya diski ndogo ya mfumo. Simamisha programu, hamisha hayo mafaili, unganisha diski. Ili lisijirudie, diski ikiwa haijaunganishwa na folda iko tupu, ifunge kwa `chattr +i` ikifuatiwa na jina la folda. Hakuna kitakachoandikwa humo mpaka diski iwepo.

Kama diski zote zipo, angalia kumbukumbu za mfumo kwa `journalctl --disk-usage`, kisha folda ambamo Jellyfin huweka vipande vya video inazogeuza.

## Uniti zinaisha haraka kuliko ulivyotegemea

Pima kabla ya kulaumu. Wati moja inayowaka mwezi mzima ni uniti 0.72. Seva ya wati 10 inakula uniti 7.2 kwa mwezi, ya wati 40 inakula 28.8. Mtanzania aliye kwenye daraja la D1, la watumiaji wadogo wa umeme, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, seva hiyo ya pili imemchukulia zaidi ya theluthi, na inaweza kumtoa kwenye daraja lake.

Huna kipima wati cha soketi? Tumia mita yako. Karibu na taa nyekundu inayopepesa pameandikwa namba kama 1000 au 1600 imp/kWh, yaani mipepeso kwa kila uniti. Zima kila kitu nyumbani isipokuwa seva, hesabu sekunde kati ya mpepeso na mpepeso. Kwa mita ya 1000, gawanya 3,600 kwa sekunde hizo: sekunde 90 ni wati 40, dakika 6 ni wati 10. Kwa mita ya namba nyingine, gawanya 3,600,000 kwa namba hiyo mara sekunde. Friji na chaja zilizosahaulika ukutani zitaharibu hesabu, kwa hiyo pita chumba kwa chumba.

Ukikuta wati nyingi, tazama kwanza idadi ya diski. Diski ya inchi 3.5 inayozunguka bila kazi hula takriban wati 4 hadi 6, wakati mini PC nzima ikiwa imetulia inaweza kula kiasi kinachokaribia hicho. Diski moja kubwa ni nafuu kwa umeme kuliko tatu ndogo za zamani. Filamu unazoangalia usiku tu ziache zilale: `hdparm -S 120 /dev/sda` inailaza diski baada ya dakika 10 za ukimya. Weka mfumo na hifadhidata za programu kwenye SSD, diski isiyozunguka, la sivyo diski itaamshwa kila dakika. Kulala na kuamka mfululizo kunaichosha kuliko kuzunguka.

Kisha fungua `powertop` uangalie usingizi wa prosesa. Usingizi huo una hatua, na namba ikiwa kubwa usingizi ni mzito. Ikiwa haivuki C2 au C3 hata pasipokuwa na kazi, kuna kifaa kinachoizuia. Mara nyingi ni kadi ya kuongeza milango ya SATA. Kadi za chipu ya JMB585 zinajulikana kwa tabia hiyo, zile za ASM1166 zina nafuu, na kadi kubwa za LSI za seva za ofisini zinakula karibu wati 10 peke yake. Chomoa kadi, pima tena. Amri ya `powertop --auto-tune` husaidia, ila inaweza kuzilaza hata diski za USB. Ukiona zimeanza kupotea baada ya kuitumia, umeshajua sababu.

Kununua prosesa "ndogo" peke yake hakuokoi umeme kama wengi wanavyodhani. Core i5-8500T ya mtumba, iliyoandikwa wati 35, ikiwa haina kazi inakaribiana sana na N100 iliyoandikwa wati 6. Namba hizo zinahusu mzigo, na seva ya nyumbani hushinda ikiwa imetulia.

## Video inakwamakwama

Ingia kwenye dashibodi ya Jellyfin wakati video inachezwa, uone kama inapelekwa ilivyo au inageuzwa, na kwa sababu gani. Hapo ndipo njia mbili zinapoachana.

Kama inapelekwa ilivyo na bado inakwama, tatizo ni mtandao, karibu kila mara Wi-Fi. Vuta kebo mpaka kwenye seva hata kama TV itabaki kwenye Wi-Fi. Umepunguza nusu ya safari ya angani.

Kama inageuzwa, kwanza jiulize kwa nini. Maandishi ya tafsiri ya mtindo wa picha, kama yatokayo kwenye diski za Blu-ray, hulazimisha seva kuyachora juu ya kila fremu. Tumia faili la SRT, ambalo ni maandishi matupu, na mara nyingi tatizo linaisha hapo hapo. Sababu nyingine ni TV au kivinjari kisichoelewa HEVC, mojawapo ya miundo ya kubana video kama zilivyo H.264 na AV1.

Kugeuza kukiwa hakuepukiki, hakikisha kazi inafanywa na sehemu ya picha ya prosesa. Angalia kama `/dev/dri/renderD128` ipo, kama mtumiaji wa Jellyfin yumo kwenye kundi la `render`, na kama Jellyfin unaiendesha ndani ya konteina (kisanduku cha programu kilichotengwa na mfumo), kwamba kifaa hicho umekipitisha ndani. Kisha endesha `intel_gpu_top` huku video inacheza: mstari wa Video ukibaki sifuri, prosesa inajibebea mzigo wote. Umri wa mashine nao una mipaka. Intel ya kizazi cha 6 inasoma HEVC ya biti 8 tu; ya biti 10 inaanzia kizazi cha 7, na AV1 kizazi cha 11. N100 inazisoma zote. Raspberry Pi 5 haina kabisa kifaa cha kutengeneza H.264, kwa hiyo mwenye Pi ahifadhi filamu katika muundo ambao TV yake inaucheza bila kugeuzwa, na atafurahia.

## Kunakili faili kunachukua saa nzima

Kasi ikiganda kwenye megabaiti 11 au 12 kwa sekunde, kebo au ruta inafanya kazi kwa megabiti 100. Andika `ethtool eth0`, ukiweka jina la kiunganishi chako, uone mstari wa Speed. Waya mmoja uliokatika ndani ya kebo, au kichwa kilichobanwa vibaya, unatosha kuishusha kutoka 1000.

Kasi ikianza vizuri kisha ikaporomoka baada ya gigabaiti nyingi, huenda diski ni ya SMR, ambayo njia zake za kuandikia zinapandana kama vigae vya paa. Mwaka 2020 Western Digital walikiri kwamba baadhi ya WD Red zao zilikuwa za aina hiyo. Kwa filamu zinazoandikwa mara moja hazina shida. Kwa RAID ziepuke.

Windows 11 ikikataa kufungua folda iliyokuwa inafunguka zamani, toleo la 24H2 limeziba kuingia kama mgeni. Tengeneza mtumiaji na nywila kwenye Samba, programu ya seva inayogawa folda kwa Windows.

## Seva ni ya moto

Diski iendayo juu ya nyuzi 50 inahitaji msaada. Itoe kabatini, isimamishe mbali na ukuta, puliza vumbi la feni huku umeizuia isizunguke. Feni ndogo ya USB ya polepole inatosha. Ukitumia laptop ya zamani kama seva, itazame betri: ikiwa imevimba au kibodi imeinuka, izime, ichomoe, iweke mbali na vitu vinavyoungua. Usiibonyeze wala kuitoboa; fundi wa laptop ndiye wa kuitoa.

## Nyumbani inafunguka, ukitoka haifunguki

Tazama anwani ya nje kwenye ukurasa wa ruta. Ikianza na 100.64 mpaka 100.127, kampuni ya intaneti imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na kufungua milango kwenye ruta hakutasaidia chochote. Tumia Tailscale, programu ya kuunganisha vifaa vyako kwa njia ya siri (VPN), inayopita hali hiyo bila kuhitaji anwani yako mwenyewe. Mwenye anwani halisi anaweza kutumia WireGuard, nayo ni VPN. Mlango wa 8096 wa Jellyfin usiuache wazi kwa dunia, hata kwa wiki moja ya safari. Pitia kwenye mojawapo ya njia hizo mbili, na mkeo, mumeo au ndugu aliyeko Muscat au Minneapolis umsakinishie programu ileile kwenye simu yake.